Bastola, Katiba na Mahakama ya Juu ya Marekani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila risasi zikilia Marekani, iwe shuleni au supamaketi, swali la kwanza kwenye magrupu yetu ni lilelile, mbona hawapigi marufuku hizi bastola yaishe. Jibu ni kwamba kuna miji ilishapiga marufuku, tena kwa miaka mingi, alafu mahakama ikaja kuifuta ile marufuku. Hapa nimekusanya maswali ambayo watu wanauliza sana kuhusu hizo hukumu, nimejaribu kuyajibu kwa lugha ya kawaida manake lugha ya mawakili inachosha, na kuna sehemu nimesema na ninavyoona mimi.

Ni kweli hakuna mji Marekani unaoweza kupiga marufuku bastola?

Ndio, kama tunaongelea marufuku ya jumla, ile ya kumwambia raia wa kawaida asiye na kosa kwamba huruhusiwi kuwa na bastola hata ndani kwako. Hiyo imekufa tangu 2008 kwa Washington, ule mji mkuu wao, na tangu 2010 kwa nchi nzima. Lakini kuna vitu vingi ambavyo bado vinaruhusiwa, kama leseni, kusajili silaha, kukagua rekodi ya mnunuzi, kuzuia silaha shuleni, kuwanyima watu wa aina fulani. Watu wengi wanachanganya hapa, wanasikia "haki ya kikatiba" wanadhani mtu anaingia dukani anachukua anachotaka anaondoka, sio hivo.

Katiba yao inasema nini hasa?

Ni sentensi moja tu, Marekebisho ya Pili, yalipitishwa mwaka 1791. Kwa Kiswahili chetu inakuja karibu hivi: kwa kuwa mgambo uliopangwa vizuri ni wa lazima kwa usalama wa nchi huru, haki ya watu kuwa na silaha na kuzibeba isivunjwe.

Ugomvi wote uko hapo. Upande mmoja wanasema ukiangalia mwanzo wa sentensi inaongelea mgambo, yaani raia waliokuwa wanaitwa kulinda jimbo lao, kwa iyo kama hauko kwenye mgambo hii haki haikuhusu. Upande wa pili wanasema kitu kinachotolewa ni "haki ya watu", watu wenyewe mmoja mmoja, na ile habari ya mgambo ni sababu tu imetajwa mwanzoni, haipunguzi haki. Sentensi moja, miaka zaidi ya 200, na hadi 2008 Mahakama ya Juu ilikuwa haijawahi kulijibu hilo swali moja kwa moja.

Kwa iyo kabla ya 2008 ilikuwaje?

Kulikuwa na kesi ya mwaka 1939 inaitwa Miller. Jamaa wawili walikamatwa wamevuka kutoka Oklahoma kwenda Arkansas na shotigani ya mtutu uliokatwa, na sheria ya mwaka 1934 ilitaka silaha ya aina ile isajiliwe. Mahakama ikasema hakuna ushahidi kwamba shotigani iliyokatwa mtutu ina uhusiano wowote na kazi za mgambo, kwa iyo Katiba haiilindi. Cha ajabu upande wa washtakiwa haukutokea kabisa mahakamani, wakili wao hakuja wala hakuandika hoja, na Miller mwenyewe aliuawa kabla hukumu haijasomwa. Sasa kesi iliyosikilizwa upande mmoja ndo ikaja kuwa mwongozo wa mahakama za chini kwa karibu miaka 70, na nyingi zikawa zinaisoma kwamba haki ni ya mgambo.

Ndo maana mwaka 1981 kijiji cha Morton Grove, nje kidogo ya Chicago, kilipopiga marufuku bastola, mahakama ya rufaa ya eneo lile iliwaunga mkono mwaka uliofuata. Miji jirani kama Evanston na Oak Park ikafuata. Na kule Georgia mji wa Kennesaw ukajibu mapigo mwaka 1982 kwa kutunga sheria ya kutaka kila mwenye kaya awe na bunduki nyumbani! Nchi ni hiyohiyo moja.

Upepo ulianza kugeuka 2001, mahakama ya rufaa inayosimamia Texas na majirani zake iliposema kwenye kesi ya Emerson kwamba haki hii ni ya mtu binafsi. Hapo mahakama za rufaa zikawa zinapingana, na zikipingana hivo ujue safari ya Mahakama ya Juu imeiva.

Heller ni nani na kesi yake ilikuwa nini?

Dick Heller alikuwa mlinzi mwenye kibali cha polisi maalum Washington, analinda jengo la serikali. Kazini alikuwa anavaa bastola kiunoni kila siku, anailinda serikali, alafu jioni akimaliza zamu anaiacha kazini manake nyumbani kwake haruhusiwi kuwa nayo. Akaomba kusajili bastola ya nyumbani, akakataliwa.

Sheria ya Washington ilikuwa inafanya kazi tangu 1976 na ilikuwa kali kuliko karibu zote nchini. Bastola ambayo haikusajiliwa kabla ya sheria kuanza haiwezi kusajiliwa tena, na kuwa na silaha isiyosajiliwa ni kosa, kwa iyo ukiunganisha ni marufuku. Bunduki ndefu uliruhusiwa, lakini nyumbani ikae haina risasi na imefunguliwa vipande au imefungwa kufuli la triga. Yaani mwizi akiingia saa nane usiku kwa sheria ile ulikuwa huna silaha ya kutumia hata kama unayo ndani.

Kesi haikuanza na Heller peke ake. Mwaka 2003 mawakili waliwakusanya wakazi 6, wa kwanza kwenye orodha ni mwanamama anaitwa Shelly Parker aliyekuwa anasumbuana na wauza dawa za kulevya mtaani kwake. Aliyetoa hela za kuendesha kesi ni wakili Robert Levy, ambae hata bunduki hana, kwake ilikuwa suala la uhuru wa mtu na Katiba. Chama kikubwa cha wenye bunduki, NRA, mwanzoni hakikuwa na shauku na hii kesi kwasababu walihofia wakishindwa Mahakama ya Juu basi wamezika kila kitu. Mahakama ya rufaa ikasema kati ya wale 6 ni Heller tu aliyeomba usajili akanyimwa, kwa iyo ndo mwenye haki ya kulalamika, ndo jina lake likabaki kwenye vitabu.

Tarehe 26 Juni 2008 hukumu ikatoka, majaji 5 kwa 4. Jaji Antonin Scalia aliandika kwamba haki ni ya mtu binafsi, haitegemei uwe mgambo, na kiini chake ni kujilinda, hasa nyumbani. Marufuku ya bastola ikafutwa, na ile kanuni ya kufunga kufuli na kufungua vipande ikafutwa nayo.

Kwa nini bastola hasa? Si walikuwa wanaruhusiwa bunduki ndefu?

Washington walijitetea hivohivo, jamani tumewaachia shotigani na raifo, mnataka nini tena. Scalia akajibu kwamba bastola ndo silaha ambayo Wamarekani wenyewe wameichagua kwa kujilinda nyumbani, kuipiga marufuku ni kufuta chaguo la watu wengi. Akataja na sababu za kawaida kabisa: ni rahisi kuiweka karibu, ni ngumu mtu kukunyang'anya, asiye na nguvu nyingi za mikono anaweza kuitumia, na unaishika kwa mkono mmoja huku mwingine unapiga simu polisi.

Kwa upande mwingine, na hili lazima lisemwe kwa uzito uleule, bastola ndo inayoua watu wengi Marekani kuliko zile bunduki kubwa tunazoziona kwenye habari. Mwaka 2021 waliokufa kwa risasi nchini mle walikuwa 48,830, na zaidi ya nusu yao walijiua wenyewe. Wepesi uleule unaomsaidia bibi kizee kujilinda ndo unaomsaidia kijana aliyekata tamaa kumaliza maisha yake ndani ya dakika moja. Mimi nikisoma hoja ya Scalia naielewa, alafu nikikumbuka hilo nasikia uchungu, na sidhani kama hukumu ile iliupa uzito wa kutosha.

Majaji 4 waliopinga walisemaje?

Walikuwa na hoja mbili tofauti. Jaji John Paul Stevens alisema historia inaonyesha wale walioandika Katiba walikuwa wanawaza mgambo wa majimbo na hofu ya jeshi la serikali kuu, kujilinda binafsi haikuwa hoja yao. Jaji Stephen Breyer alisema hata tukikubali ni haki ya mtu binafsi, mji wenye mauaji mengi unapoweka sheria kwa ajili ya kuokoa maisha mahakama inapaswa kupima faida na hasara, na kwa Washington alikuta sheria ilikuwa na mantiki. Stevens hakuwahi kuikubali ile hukumu, 2018 akiwa ameshastaafu aliandika gazetini kwamba Marekebisho ya Pili yafutwe kabisa.

Kama Heller alishinda, kwa nini Chicago waliendelea na marufuku yao?

Hapa kuna utaalamu kidogo ila ukiuelewa umeelewa nusu ya sheria za Marekani. Washington sio jimbo, iko chini ya serikali kuu. Na zile haki za mwanzo kwenye Katiba yao zilitungwa kuibana serikali kuu, majimbo hayakuhusika. Kilichobadilisha ni Marekebisho ya 14 ya mwaka 1868 baada ya vita vya kukomesha utumwa, na tangu hapo Mahakama imekuwa ikizivusha hizo haki moja moja mpaka kwenye majimbo. Ya silaha ilikuwa bado haijavuka. Kwa iyo Chicago, ambayo tangu 1982 ilikuwa imeacha kusajili bastola mpya, ikasema Heller hatuhusiani nae. Morton Grove na Evanston wao waliona kinachokuja wakafuta sheria zao mapema, Oak Park ikakomaa pamoja na Chicago.

Aliyeenda mahakamani ni Mzee Otis McDonald, mweusi, mstaafu mwenye miaka zaidi ya 70, mtoto wa wakulima wa Louisiana waliokuwa wanalima shamba la mtu kwa kugawana mavuno. Alihamia Chicago kijana, akafanya kazi ya ufundi Chuo Kikuu cha Chicago, akanunua nyumba mtaa wa Morgan Park. Mtaa ukaharibika mbele ya macho yake, nyumba ikavunjwa zaidi ya mara moja. Alikuwa na shotigani halali lakini alitaka bastola ya kuweka karibu na kitanda, na mji ukamwambia hapana.

Mimi kesi hii ndo iliyonibadilisha jinsi ninavyoliangalia hili suala. Sisi tukiwa mbali tunamfikiria mtetezi wa bunduki kama mzungu wa Texas mwenye kofia na pikapu, lakini aliyeibeba hii haki nchi nzima ni mzao wa watu waliowahi kuwa watumwa, na historia iliyotajwa mle kwenye hukumu ni nzito. Mwaka 1857 kwenye kesi ya Dred Scott, mtumwa aliyedai uhuru wake mahakamani, Jaji Mkuu Taney aliorodhesha mambo ambayo yangetokea kama watu weusi wangehesabiwa raia, na mojawapo ni kwamba wangeweza kubeba silaha popote waendapo, yaani kwake hiyo ilikuwa sababu ya kuwanyima uraia. Baada ya utumwa majimbo ya kusini yakatunga sheria za kuwanyang'anya bunduki walioachwa huru, na wazungu waliojipanga kwa magenge wakawa wanapita nyumba kwa nyumba. Mwaka 1873 pale Colfax, Louisiana, makumi ya watu weusi waliuliwa, wengi baada ya kusalimu amri, na kesi ilipofika Mahakama ya Juu 1876, ikaitwa Cruikshank, majaji wakasema haki ya silaha inaizuia serikali kuu tu, wauaji wakapona. Jaji Clarence Thomas aliyaeleza haya kwa urefu kwenye maoni yake ya peke yake upande wa McDonald.

Tarehe 28 Juni 2010 McDonald akashinda, 5 kwa 4 tena, hukumu kuu ikiandikwa na Jaji Samuel Alito. Mzee alifariki 2014.

Chicago walikubali yaishe?

Hawakukubali. Siku 4 tu baada ya hukumu wakatunga sheria mpya, bastola sawa lakini lazima ufanye mafunzo ya kulenga shabaha kwenye uwanja wa shabaha, alafu sheria hiyohiyo ikakataza viwanja vya shabaha kuwepo ndani ya mji. 2011 mahakama ya rufaa ikaona ule mtego ikazuia. 2014 jaji mwingine akafuta marufuku ya kuuza silaha mjini. Katikati hapo, Desemba 2012, mahakama ya rufaa ilisema na jimbo zima la Illinois, ambamo Chicago imo, haliwezi kuwakataza raia wote kutembea na silaha, na 2013 Illinois ikawa jimbo la mwisho nchini kuruhusu kubeba silaha iliyofichwa.

Nafikiri Chicago walijikosesha. Wangetumia ule muda kutunga sheria makini za leseni na mafunzo ambazo zingesimama mahakamani wangekuwa wamelinda watu wao vizuri kuliko kutunga kitu ambacho kila wakili alijua kitaanguka.

Na San Francisco? Nao si walipiga marufuku?

Walipiga kura 2005 wakapitisha, ila ikafutwa na mahakama za California zenyewe, kwa sababu sheria ya jimbo ilikuwa inasimamia jambo hilo na mji hauwezi kwenda kinyume na jimbo. Mahakama ya rufaa ya jimbo iliamua Januari 2008, miezi michache kabla ya Heller. Katiba ya nchi haikuhitajika hata kutajwa.

Nyumbani nimeelewa, je mtu anaweza kutembea nayo barabarani?

Hiyo ndo kesi ya Bruen, 23 Juni 2022. New York walikuwa na sheria ya zaidi ya miaka 100, ukitaka leseni ya kutembea na bastola lazima umridhishe afisa kwamba una sababu maalum, hatari inayokukabili wewe binafsi kuliko watu wengine. Kusema mtaa wetu una wezi haitoshi. Raia wawili wa kaskazini mwa jimbo walioomba leseni ya jumla walipewa yenye masharti tu, ya uwindaji na kulenga shabaha. Mahakama ikasema 6 kwa 3, hukumu ikiandikwa na Jaji Thomas, kwamba haki ya kikatiba haiombwi kwa kumshawishi afisa kwamba wewe ni wa pekee, na sheria ikaanguka. Ilizigusa pia California, Hawaii, Maryland, Massachusetts na New Jersey zilizokuwa na mtindo unaofanana.

Fikiria na wakati hukumu ilipotoka. Mei ile ile watu weusi 10 waliuawa supamaketi Buffalo, ndani ya New York hiyohiyo, na siku 10 baadae watoto 19 na walimu 2 wakauawa shuleni Uvalde, Texas. Jaji Breyer alianza maoni yake ya kupinga kwa kutaja waliokufa kwa risasi mwaka 2020, watu 45,222.

New York wakatunga sheria mpya haraka, leseni utapata ukitimiza masharti, ila kuna orodha ndefu ya sehemu ambazo huruhusiwi kuingia na silaha, Times Square na treni za chini ya ardhi zikiwemo, na ile orodha ikaburuzwa mahakamani nayo.

Naona watu wanasema Bruen ilibadilisha "kipimo". Kipimo gani?

Zamani mahakama za chini zilikuwa zinapima, hii sheria inagusa haki kiasi gani na serikali ina sababu nzito kiasi gani. Bruen ikasema acheni hayo mahesabu. Kama kitendo kinaguswa na maneno ya Katiba, serikali ndo ionyeshe kwamba sheria yake inaendana na desturi ya kihistoria ya kudhibiti silaha nchini, hasa kipindi cha 1791 na kile cha 1868. Ikikosa sheria inaanguka.

Matokeo yake majaji wakaanza kuchimbua sheria za enzi za gobore kutafuta kitu kinachofanana na tatizo la leo. Wakaanza kutofautiana vibaya, jaji wa hapa anasema sheria imesimama, wa pale anaifuta ileile, wote wamesoma historia moja. Nalisema wazi, sikubaliani na hiki kipimo. Mwaka 1791 mume kumpiga mke halikuwa jambo la mahakama kuingilia, sasa ukisema tutafute sheria ya enzi ile iliyomlinda mke huyo utaikuta wapi?

Ndo hiyo kesi ya Rahimi?

Ndo hiyohiyo. Rahimi, mwanaume wa Texas, alimshambulia mama wa mtoto wake kwenye maegesho ya magari, akafyatua risasi, mwanamke akapata amri ya zuio mahakamani Februari 2020, na sheria ya nchi inasema mtu mwenye amri ya namna hiyo haruhusiwi kuwa na silaha. Polisi walipokuja kumpekua baadae, akishukiwa kwa matukio mengine kadhaa ya risasi, wakamkuta nazo. Mahakama ya rufaa 2023 ikatumia kipimo cha Bruen ikasema hakuna sheria ya zamani inayofanana, kwa iyo sheria ya kumnyima silaha ni batili. Watu wanaosaidia wanawake waliopigwa walishtuka sana na walikuwa na haki ya kushtuka.

Tarehe 21 Juni 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha ile sheria, 8 kwa 1, Thomas peke ake akipinga. Jaji Mkuu John Roberts akaandika kwamba haikuwa maana yao kutafuta pacha wa kihistoria, inatosha kanuni ileile iwepo, na tangu zamani mtu aliyethibitika kuwa tishio kwa mwingine aliweza kunyang'anywa silaha kwa muda. Ilikuwa hukumu njema, na nadhani ndio iliyozuia Bruen isifike mahali pabaya zaidi.

Kwa faida ya wanaodhani Marekebisho ya Pili ni ya wanaume tu, mwaka 2016 Mahakama ilimtetea kwa kauli moja mwanamke wa Massachusetts aliyehukumiwa kwa kubeba kifaa cha shoti ya umeme akijikinga na mwanaume aliyekuwa anamtesa. Silaha zinazolindwa sio lazima ziwe zile zilizokuwepo 1791.

AR-15 je, zile raifo za mtindo wa kijeshi?

Mahakama ya Juu haijaamua. Majimbo kadhaa yamepiga marufuku hizo raifo na mahakama za rufaa kwa sehemu kubwa zimeyaunga mkono. Juni 2025 kesi ya Maryland ilikataliwa kusikilizwa, ila Jaji Brett Kavanaugh aliandika kwamba anategemea Mahakama ilichukue suala hilo muda si mrefu.

Kuna hukumu mbili watu wanaziingiza hapa ila hazikuhusu Marekebisho ya Pili kabisa. Juni 2024 ilifutwa kanuni iliyokataza kile kitako cha bunduki kinachoifanya ifyatue mfululizo, kilichotumika Las Vegas 2017 watu 60 wakafa. Sababu ni kwamba maana ya bunduki ya rasharasha iliyoandikwa kwenye sheria ya 1934 haikigusi, Kongresi ikitaka inaweza kukikataza kesho. Na Machi 2025 Mahakama iliruhusu serikali kuzidhibiti silaha zinazouzwa vipande bila namba, mtu anaunganisha nyumbani.

Nina grinikadi, naruhusiwa kununua? Na mwenye viza ya mwanafunzi?

Mwenye grinikadi kwa sheria ya nchi anaruhusiwa kama raia, ila jimbo lako linaweza kuwa na leseni na masharti yake. Mwenye viza ya muda, mwanafunzi au mtalii, kwa kawaida haruhusiwi kununua wala kushika, isipokuwa kuna vipengele vichache, kinachojulikana zaidi ni kuwa na leseni halali ya uwindaji. Asiye na karatasi haruhusiwi kabisa, na akikutwa na silaha au hata risasi ni jela.

Wengine wasioruhusiwa ni waliotiwa hatiani kwa makosa makubwa, waliotiwa hatiani kwa kumpiga mwenza hata kama kosa lilihesabiwa dogo, na watumiaji wa dawa za kulevya. Hapo kwenye dawa sikilizeni vizuri, bangi hata kama jimbo lako limeiruhusu, kwa sheria ya nchi ukiwa mtumiaji huruhusiwi kununua silaha, na hilo nalo limefikishwa Mahakama ya Juu. Dukani utajaza fomu 4473 na utaulizwa yote haya, kudanganya mle ni kosa kubwa la jinai na kwa asiye raia linaweza kugeuka kuwa kesi ya kufukuzwa nchini. Kama una wasiwasi na hali yako muone wakili wa uhamiaji kwanza, usimuulize mwenye duka.

Kenya na Tanzania tuna haki kama hiyo?

Hatuna. Kwetu silaha ni kibali kutoka serikalini. Kenya kuna bodi ya leseni za silaha chini ya sheria ya silaha, sura ya 114, Tanzania kuna sheria ya mwaka 2015, na kote unaomba, unachunguzwa, na kibali kinaweza kufutwa. Kwa iyo hoja za Heller huwezi kuzipeleka mahakamani Nairobi au Dodoma, katiba zetu hazina hicho kifungu.

Hizi hukumu zinaweza kubadilika?

Njia ni mbili. Kubadili Katiba inahitaji theluthi mbili ya kila bunge la Kongresi na majimbo 38 kati ya 50, kwa siasa za sasa hakuna anayeitegemea. Nyingine ni majaji wenyewe kubadilika. Heller na McDonald zilipita kwa kura moja moja, Bruen ilikuja baada ya Rais Trump kuteua majaji watatu kipindi chake cha kwanza, kwa iyo anaesema rais hana maana kwenye hili suala hajaangalia hesabu.

Nina leseni ya kubeba ya jimbo moja, nikivuka kwenda lingine inakuwaje?

Bruen haikufanya leseni iwe ya nchi nzima. Kila jimbo linachagua litambue leseni za wapi, na mengine hayatambui ya nje hata moja. Kuna watu wenye leseni halali kabisa Pennsylvania wamevuka daraja kuingia New Jersey na bastola kwenye gari wakaishia na kesi ya jinai. Kama unapita tu kuelekea sehemu unayoruhusiwa, sheria ya nchi ya 1986 inakulinda endapo silaha haina risasi na imefungiwa mahali usipoweza kuifikia ukiwa umekaa, basi iweke kwenye buti na risasi ziwe mbali nayo. Na kabla ya safari soma tovuti ya polisi wa kila jimbo utakalopita, sheria zinabadilika kila mara kesi mpya ikiamuliwa.